Ndege Niliyemwagiza

Mafunjo yaliyokaushwa vizuri hayanuki. Yanayonuka ni yale yaliyosukwa kabla hayajakauka, fundi akiwa na haraka ya kuuza, na harufu yake ni ya tope, nyasi mbichi na samaki aliyepita hapo karibu. Mwaka jana nilinunua kikapu cha nguo chafu kando ya barabara jijini Nairobi, nikakiweka bafuni, na baada ya siku mbili mume wangu akaanza kuuliza ni nini kimeoza. Nikamwambia hakuna kilichooza, ni mafunjo tu, yatakauka. Akasema afadhali nimrudishie mwenyewe. Nilifunga mlango wa bafu nikaketi juu ya beseni nililolipindua, mtu mzima na meno yangu yote, nikinusa kikapu.

Harufu ile ni ya Nyalenda, mtaa nilikokulia, nyuma kabisa, pale nyumba zilipoisha na kinamasi kikaanza. Tuliishi katika ploti ya vyumba vinane, vinne vikitazamana na vinne, na bomba moja katikati ambalo lilitoa maji likipenda. Baba yangu alikuwa fundi wa magari kwenye gereji mjini. Mama aliuza viazi na vitunguu, vikiletwa na lori kutoka nyanda za juu. Wote wawili walitoka Murang'a, ambako shosho, mama yake baba, bado aliishi, kwa hiyo pale ploti tulikuwa wapangaji kama wengine, ila sisi tuliitwa Okuyu, yaani Wakikuyu. Halikuwa tusi, wala halikuwa jina la mapenzi. Lilikuwa njia ya kuonyesha mlango, kama mtu anavyosema nyumba ile yenye pazia jekundu.

Mwisho wa njia yetu kulikuwa na kibanda cha mabati kisichokuwa na kuta. Hapo walifanya kazi watu wa togo, maana togo ndivyo Wajaluo wanavyoyaita mafunjo. Walikuwa kama kumi na wawili, wengi wao wanawake. Waliyakata mafunjo kinamasini asubuhi, maji yakiwafika kiunoni, wakayapasua, wakayaanika, wakasuka mikeka, vikapu na viti. Mama Achieng, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa mmoja wao, na bintiye Achieng ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ogola. Alifuga ukucha mmoja tu, wa kidole gumba cha kulia, na kwa ukucha huo alipasua utepe wa funjo kutoka juu mpaka chini bila kutumia kisu. Sisi watoto tulienda kuutazama ukucha huo kama watoto wengine wanavyoenda kutazama gari la moshi.

Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, watu wa togo waliacha kuuza. Hata ungekuja na pesa mkononi wangekwambia urudi Januari. Wiki hiyo walisuka vitu vya kugawa bure. Kulikuwa na viti vidogo vya kukalia wanaume, vikapu vyenye vifuniko, na ndege. Ndege ndio walioniua. Walisukwa kwa tepe nyembamba, shingo ndefu, miguu ya vijiti, na ukimvuta mmoja mkia shingo ilishuka ikapanda, kana kwamba anadonoa samaki. Siku moja kabla ya Krismasi, alasiri, watu wa togo walijipanga mstari wakiimba nyimbo za kanisani, wakapita kwenye njia zetu na kusimama kwenye milango fulani. Mlango mwingine waliupita bila hata kugeuza shingo. Wakisimama, Mzee Ogola alikiinua kitu juu na kuuliza, "Ma mar ng'a?" Hii ni ya nani? Mtu wa nyumba ile alijibu jina moja. "Mar Odhiambo," yaani ya Odhiambo. Kundi lote likalirudia jina lile, kitu kikawekwa mlangoni, wakaendelea.

Msomaji ameshaelewa. Mimi ilinichukua miaka miwili. Nilichoona ni kwamba wale waliotajwa majina hawakuwa nyumbani. Odhiambo, kijana wa kinyozi, sikuwa nimemwona tangu Aprili. Mume wa mwanamke wa mandazi vilevile. Kuhusu wote nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema wamepelekwa nyumbani, na kweli lori lilikuja, watu wakapanda na masufuria na magunia ya mkaa, wanawake wakiimba, wakaelekea Sondu au Bondo au kokote kule nyumbani kwao kulikokuwa. Mimi sikuwa nikiruhusiwa kusogea karibu na malori hayo. Basi nikajumlisha. Nilikuwa hodari wa hesabu za namna hiyo. Mtu akienda mashambani akakaa, watu wa togo wanamwekea zawadi ili asikose Krismasi ya mjini. Kwa nini mwenyewe hatoki kamwe kuja kuichukua, hilo sikujiuliza.

Kwetu hawakuwahi kusimama. Mwaka wa kwanza niliona ni sawa. Mwaka wa pili niliona ni kwa sababu ya Okuyu. Nilifagia mbele ya mlango wetu hadi nikaondoa udongo wenyewe, nikasimama hapo nimevaa gauni la kanisani, nimemshika mkono mdogo wangu Kamau ambaye alikuwa hajafika miaka mitatu na alikuwa amekula kamasi yake yote. Wakatupita. Mama alikuwa mlangoni nyuma yangu na nikamsikia akivuta pumzi, nami nikadhani anaumia kama mimi. Nikatoka mbio nikamfuata Mzee Ogola nikamvuta koti.

"Mzee, na sisi mtatuletea lini?"

Wimbo ukakatika. Mzee Ogola aliinama, magoti yakalia.

"Nyinyi mko wote nyumbani, nyathina, mtoto wangu?"

"Tuko wote."

"Basi mshukuru Mungu."

Sikutaka kumshukuru Mungu, nilitaka ndege. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshajua siri yao inavyokwenda, nikamrahisishia kazi. "Lakini Kamau anaweza kwenda," nikasema. "Mimi nitabaki nipokee ndege."

Kofi la mama sikuliona likija. Lilinikuta shavuni, mbele ya watu wote, na mama yangu hakuwa mtu wa kupiga. Alininyanyua kwa mkono mmoja akaniingiza ndani, akafunga mlango, na huko ndani akasema tu, "Usiwahi kusema hivyo tena." Hakunieleza kwa nini. Nje nilimsikia Mama Achieng akisema, "Yawa, ni mtoto tu, Mama Njeri, ni mtoto." Nilikaa chini ya meza nikamchukia mama, watu wa togo na Krismasi, kwa mpangilio huo.

Kamau aliugua wakati wa mvua za masika. Ilikuwa malaria, na malaria pale kwetu ilikuwa kitu cha kila nyumba, kwa hiyo siku ya kwanza alipewa dawa na chai ya rangi, siku ya pili hivyo hivyo, na siku ya tatu baba alimbeba hospitali akiwa amemfunga shuka la kitanda changu. Baba alirudi na shuka tu. Kesho yake wakamzika katika makaburi ya mji, baba na mama, mchungaji na watu wawili wa gereji. Baba ndiye aliyeamua. Alikuwa mtu wa maneno machache na alisema mtoto mdogo hahitaji kusafirishwa kwenda kusumbua watu. Hakukuwa na lori, hakukuwa na wimbo, hakukuwa na moto nje. Majirani walikuwa wameanza kuleta viti na kuni, wakasimama navyo pale ploti hawajui waviweke wapi, kisha wakavirudisha. Nilimsikia mmoja akimuuliza Mama Achieng kwa Kiswahili, ili nami nisikie nadhani, "Hawa watu hulia saa ngapi?"

Sikuwahi kumwona mama akilia. Jumatatu alirudi kwenye viazi. Jina la Kamau halikutajwa tena katika chumba kile. Kikombe chake kilitoweka, na nilipouliza kiko wapi, baba alisema, "Kula." Mama alikuwa mpole kwangu kwa namna mpya ambayo sikuipenda. Alinipa chakula bila kunitazama usoni. Wakati mwingine niligeuka ghafla nikamkuta ananitazama, kisha akashughulika na jiko.

Kwamba Kamau amekufa nilijua. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilichokuwa sijui nilikijua mwezi wa Desemba, kwenye foleni ya bomba, nikiwa na Achieng na madebe yetu.

"Mwaka huu na nyinyi mtapata," Achieng akasema. "Mama anasuka yenu. Ni ndege."

"Kwa nini?"

"Si Kamau alikufa? Mtoto akikufa ni ndege. Baba ni kiti."

"Na Odhiambo?"

"Odhiambo alikufa na mapafu. Kwani wewe ulidhani ameenda wapi?"

Nilimwambia nilijua, nilikuwa namjaribu tu. Nikajaza debe, nikalibeba hadi nyumbani, nikalitua, nikaenda kujificha nyuma ya vyoo. Sasa niliona mambo yote kwa mpangilio. Nilikuwa nimeagiza. Nilikuwa nimemwambia mkubwa wa watu wa togo, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi, nataka ndege, mchukueni Kamau. Na mama alinizaba kofi kwa sababu alielewa nimefanya nini, ila kofi lilichelewa. Hofu niliyoipata siku ile sijaipata tena, na nimeshapita mengine ya kutisha.

Lakini mimi nilikuwa mtoto wa mwanamke wa viazi, na kuna jambo moja nililolijua vizuri kuliko watoto wote wa ploti ile. Lori likija, mama hufungua gunia kabla halijashuka. Anaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, anavitoa viazi vya chini, anavinusa. Akikuta vimeoza, hapokei. Dereva anaweza kulalamika, kuapa, kumtaja mama yake mzazi, lakini gunia ambalo halijapokelewa linarudi lilikotoka. Nilikuwa nimeona jambo hilo mara nyingi. Kuagiza peke yake hakumalizi biashara. Biashara inaisha mtu akipokea. Nilijua wafu hawarudi, na nilijua pia kwamba viazi vilivyokataliwa hurudi, na kati ya elimu hizo mbili nilichagua ya pili.

Siku yenyewe ilipofika mama alikuwa kule Mamboleo akisubiri lori la viazi vya Krismasi, na baba alikuwa gereji. Nilikaa mlangoni tangu saa sita. Sikuvaa gauni la kanisani. Waliingia ploti yetu saa tisa, wakiimba, na watu wa vyumba vyote wakatoka, kwa sababu walitaka kuona Okuyu watafanyaje. Ndege alikuwa juu ya kikapu cha Mama Achieng, wa kijani bado, mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Tamaa yangu ilikuwa palepale, haikuwa imesikia habari yoyote. Nilimtaka ndege yule, na naona aibu kusema hivyo hata leo.

Mzee Ogola alimnyanyua. Kwa ajili yetu aliacha Dholuo, lugha yao. "Hii ni ya nani?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna mtu mkubwa ndani?"

"Hakuna mtu alikufa hapa. Kamau ako kwa shosho, Murang'a. Atarudi shule zikifunguliwa."

Achieng alifungua mdomo na mamake akauziba kwa kiganja. Mzee Ogola akamrudisha ndege kikapuni, taratibu, shingo kwanza.

"Sawa," akasema. "Pengine tumekosea mlango. Utusamehe."

Wakaondoka. Hawakuanza kuimba mpaka walipofika barabarani. Niliingia ndani nikakaa kitandani nikingoja. Sikujua hasa nangoja nini, hatua za miguu midogo labda. Kila mlango wa jirani ulipolia nilisimama.

Aliyekuja ni mama, jua likiwa limeanza kushuka, na magunia mawili kwenye mkokoteni. Mama Achieng alimfikia kabla hajayashusha. Niliwaona kupitia dirisha wakiongea, na nikamwona mama akishika ukingo wa mkokoteni. Alipoingia ndani hakuvua hata leso ya kichwani.

"Ulisema Kamau ako kwa shosho?"

"Ndio."

"Kwa nini, Njeri?"

Nikamwambia. Nilimweleza vizuri kabisa, kama mtu anayeeleza kazi aliyoifanya akitegemea kusifiwa. Nilimwambia mimi ndiye niliyeagiza, na kwamba leo nimeukataa mzigo mlangoni, sijaugusa, na mashahidi wapo, kwa hiyo sasa lazima arudishwe.

Mama aliketi sakafuni. "Kamau alikufa na malaria," akasema. "Hakuna mtu aliagiza. Unanisikia? Hakuna."

"Basi mbona ulinipiga?"

Nilikuwa na miaka tisa, na kile alichonijibu hakikuwa cha kuambiwa mtoto wa miaka tisa, lakini mpaka leo namshukuru kwa kuniambia.

"Kwa sababu niliogopa maneno yako," akasema. "Na alipokufa nikayakumbuka. Nikikuangalia unakula, nayakumbuka. Mungu anisamehe, mimi mtu mzima. Miezi hii yote nimekuangalia wewe na nikayakumbuka."

Tulikuwa tumeishi katika chumba kimoja tangu masika, kila mmoja na wazo lile lile, tukipitishiana sahani. Mama alisimama, akanishika mkono, akanitoa nje. Watu wa ploti walitupisha. Tulishuka njia yetu mpaka kwenye kibanda cha mabati.

Watu wa togo walikuwa wamemaliza mzunguko wao. Wanawake walikuwa wakifagia vipande na kuvikusanya. Desturi yao ilikuwa kwamba kitu kilichokataliwa mlangoni hakiuzwi wala hakipewi mwingine; kinafumuliwa siku hiyo hiyo mpaka kiwe nyuzi. Mzee Ogola alikuwa ameketi na ndege magotini, na ukucha wake ulikuwa kwenye fundo la kwanza, chini ya mkia, lakini alikuwa hajalifungua.

"Ile nyumba ilikuwa yenyewe, Mzee," mama akasema. "Hamkukosea."

"Mimi vidole vimechoka leo," Mzee Ogola akasema. "Nilikuwa nasema nitafumua kesho." Akasimama, ingawa haikuwa rahisi kwake, na wanawake wakaacha mafagio wakasimama pia. Akamnyanyua ndege. "Hii ni ya nani?"

Mama alifungua mdomo. Niliuona ulimi wake ukijiandaa, na jina halikutoka. Alijaribu tena. Wale watu walingoja. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu jina lazima litoke nyumbani kwa mtu, na sisi tuliokuwepo wa nyumba ile tulikuwa wawili tu. Nilielewa kwamba nikinyamaza, ndege atafumuliwa, na kwamba nikisema, nimepokea, na hakuna lori litakalorudi. Nilimtazama mama usoni. Alikuwa ananitazama bila kukwepa macho yangu, kwa mara ya kwanza tangu mvua.

"Ya Kamau," nikasema.

"Ya Kamau," wakarudia wote.

Mama akalia. Alilia kama wanawake wa pale wanavyolia, kwa sauti yote, mikono kichwani, kilio ambacho hakuwa amekitoa makaburini wala nyumbani, na Mama Achieng akakipokea, na wengine wakampokea Mama Achieng, hadi mabati ya kibanda yakawa yanavuma. Nami nililia, nimemshika mama kiunoni. Baba alikuwa akirudi kutoka gereji saa ile. Alitusimulia baadaye, mara moja tu, kwamba alisikia kilio cha Wajaluo upande wa kinamasi akawasikitikia wenye msiba, akaendelea kutembea, na alipofika karibu akaitambua sauti ya mke wake ndani yake, akaketi chini pale pale njiani, na nguo zake za grisi, akaanza kuliita jina la mtoto wake.